Nijifungulie wapi? Nina mshono wa oparesheni, nakaa mwambao wa kusini, mimba wiki ya 30

Mwalimu wa Mwambao

Wadau habari zenu, naomba mnisikilize kwa utulivu maana hili jambo nimelala nalo wiki nzima na jibu sijapata. Mimi ni mwalimu, nafundisha shule ya msingi kwenye kijiji kimoja huku mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza, vile vijiji ambavyo barabara yake ni ziwa lenyewe. Nina mimba ya pili, wiki ya 30 sasa. Ya kwanza miaka mitatu iliyopita niliishia kwenye kisu, mtoto alitanguliza matako na uchungu ulikuwa umeshaanza, namshukuru Mungu yupo mzima anakimbia.

Sasa hapa kijijini zahanati ipo na nesi wetu ni mtu wa watu kwelikweli, nusu ya watoto ninaowafundisha darasa la kwanza wamepita mikononi mwake, usiku ukimgongea anaamka bila kununa. Mama mkwe anataka nizalie hapahapa, anasema ile ya kwanza ilikuwa mtoto kukaa vibaya tu, huyu atapita mwenyewe, na dawa za kuongeza uchungu anazijua. Mume wangu mvuvi wa dagaa yeye anasema Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mama yangu mzazi yupo Kasulu, anataka niende kwake nizalie Kabanga kama yeye alivyonizalia mimi. Dada yangu anayekaa Mwanga pale Kigoma mjini anasema tujipigepige nitafute hospitali ya kulipia nilale chumba changu peke yangu. Kila mtu ana hospitali yake na wote wananipenda, ndio maana nashindwa kumkatalia mtu.

Kitu kinachoninyima usingizi nawaambia ukweli, mwaka juzi mama mmoja jirani yetu alishikwa usiku, damu zikaanza kutoka, boti ipo ila ziwa limechafuka na petroli ya kutafuta kwa kuazima azima. Walitoka alfajiri. Mama alipona, mtoto hapana. Nilikuwepo pale ufukweni nimeshika taa. Kwaiyo nikisikia mtu anasema "utazaa tu popote" moyo unakataa.

Naombeni wenye uzoefu, hasa wa Kigoma, mnieleze mnaangalia nini mnapochagua.

Binti Ujiji

Pole mwalimu, na hongera kwa mimba. Mi ntakwambia kitu ambacho watu wanakidharau, lugha ya manesi. Mtoto wangu wa kwanza nilizalia sehemu sitaitaja, nilikuwa na miaka 21, nilipolia nikaambiwa "ulipokuwa unaitafuta ulikuwa unalia?" mbele ya wenzangu. Nilinyamaza kimya kuanzia hapo, hata nilipohisi kitu hakiko sawa nikaogopa kusema. Baadae ndio wakagundua nachanika na natoka damu nyingi. Sasa niambie, majengo mazuri yalinisaidia nini ikiwa nilikuwa naogopa kuita? Mimba ya pili nilienda mapema nikakaa tu pale kwenye benchi la kliniki naangalia wanavyoongea na watu, siku mbili nzima. Nikachagua wanapoongea vizuri. Huyo nesi wa kijijini kwako usimpuuze, mtu anayeamka bila kununa ni hazina.

Mkunga wa zamu ya usiku

Mwalimu nimekusoma mara mbili. Mimi ni mkunga, nina miaka zaidi ya 15 leba, sehemu kubwa mkoa huuhuu wa Kigoma, na nakuandikia nikiwa nimetoka zamu kwaiyo nivumilie nikirefusha.

Binti Ujiji amesema kweli na inaniuma kama mtumishi. Lugha mbaya inaua, mama akiogopa kutuita tunachelewa kujua. Ila mwalimu wewe una mshono, na mshono unabadilisha swali zima. Kwako swali la kwanza sio nani mpole. Ni hili, saa nane ya usiku mshono ukianza kuachia, kuna mtu wa kunifungua tumbo ndani ya nusu saa, na damu ya kuniongezea ipo? Kama jibu ni hapana, hiyo sehemu imetoka kwenye orodha, hata kama nesi wake ni malaika.

Nieleze kidogo. Mwanamke mwenye oparesheni moja, mkato ule wa chini wa kulala, ambaye sababu ya oparesheni ya kwanza haijajirudia, anaweza kujaribu kuzaa kawaida. Wewe sababu ilikuwa matako, kama huyu wa sasa ametanguliza kichwa basi una nafasi nzuri, na miaka mitatu katikati inatosha mshono kukomaa. Wanaojaribu wakiwa wanaangaliwa vizuri, wengi wanafanikiwa, kwenye vitabu vyetu ni kama 60 mpaka 80 katika kila 100. Kwaiyo mama mkwe hajakosea kusema anaweza kupita mwenyewe. Alipokosea ni wapi. Katika kila wanaojaribu 1,000, kama 5 hivi mfuko wa uzazi unachanika pale kwenye mshono. Watano ni wachache, ila huwezi kujua mapema kama wewe ni mmoja wao, na ikitokea, mtoto ana dakika na mama ana muda mfupi tu kabla damu haijamwishia tumboni. Zahanati haina thieta, haina nusu kaputi, haina damu. Hakuna nesi duniani anayeweza kuziba hilo kwa mikono.

Na hizo dawa za kuongeza uchungu, mwalimu nakusihi, USINYWE. Mitishamba ile inafanya mfuko ukaze kwa nguvu bila kupumzika, mwenye mshono ndio kabisa. Nimepokea wamama wamekunywa njiani, sitaki kuelezea nilichokiona.

Lingine, kapige ultrasaundi sasa hivi usisubiri, waangalie kondo la nyuma limekaa wapi. Ukishapasuliwa mara moja, mimba inayofuata kondo linaweza kukaa chini juu ya ule mshono, na likishikamana pale hiyo sio tena ya kujaribu kawaida, inatakiwa hospitali kubwa yenye madaktari bingwa na chupa za damu zimeshaandaliwa. Na ukienda beba kadi yako ya kliniki ya mimba hii na karatasi ya oparesheni ya kwanza kama unayo. Mara nyingi tunapokea mtu ana mshono nje lakini hatujui ndani alikatwaje.

Baba Mapacha

Mkunga ubarikiwe. Naongezea upande wa sisi wanaume maana nyuzi hizi wanaume tunapita kimya. Mke wangu alibeba mapacha, tunakaa njia ya Mwandiga, kliniki walituambia mapema mapacha ni hospitali yenye upasuaji. Nilichofanya nilikaa na ndugu tukapima magrupu ya damu, mimi O, shemeji yangu O, mdogo wangu B, tukaenda kuchangia kabla hata hajafikisha siku zake. Watu walinicheka wakasema namtabiria mke wangu mabaya. Alipojifungua, wa pili alipotoka tu damu ikafungulia kama bomba, alitumia chupa mbili. Zile chupa zilikuwepo, nilikuwa naziwaza nikiwa nje pale kwenye benchi na wale waliocheka sikuwawaza kabisa.

Kwaiyo mwalimu mwambie mumeo mvuvi aanze hiyo kazi leo. Na ile namba ya m-mama, 115, ni bure kupiga, hata kama hauna salio. Ilianza kusambazwa nchi nzima 2022, ukipiga kituo wanatafuta ambulansi au dereva aliyeingia mkataba, wanakupeleka kituo sahihi na hulipi nauli. Mjini na barabarani huku imesaidia watu wengi. Ila wewe uko ziwani, gari halitembei juu ya maji, usije ukaiweka 115 kama mpango wako wa kwanza.

Mkazi wa Kasulu

Kwa upande wa huku kwetu. Kabanga ni hospitali ya kanisa katoliki ya siku nyingi, Heri kule Buhigwe ni ya wasabato nayo ya zamani, watu wanatoka hadi mbali kuja kuzalia, mama yako sio kwamba anasema kwa mazoea tu. Upasuaji upo. Na kulala kwa mama mzazi baada ya kujifungua ni jambo kubwa, utakula, utakandwa, mtoto wa kwanza ataangaliwa, hicho kitu huwezi kukinunua. Tatizo langu ni safari. Wewe uko ziwani kusini, uvuke mpaka Kigoma halafu upande gari mpaka Kasulu ukiwa na tumbo la miezi tisa. Kama unakuja, njoo wiki ya 34 au 35, sio ukiwa umeshaanza kusikia kiuno.

Mwalimu wa Mwambao

Nimewasoma wote na nimelia kidogo. Mkunga naomba nikuulize, huku Uvinza nasikia vituo vya afya vingine vinafanya oparesheni siku hizi. Kwanini nisiende hicho cha karibu kuliko kuvuka mpaka mjini?

Mkunga wa zamu ya usiku

Swali zuri sana na watu wengi hawalijui. Ni kweli. Mkoa wetu ulipata bahati ya ule mradi wa Thamini Uhai, walifundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi na manesi kutoa nusu kaputi, thieta zikawekwa kwenye vituo vya afya vya vijijini, mambo ambayo zamani yalikuwa ya hospitali ya wilaya kwenda juu. Wanawake wengi sana wako hai kwa sababu hiyo. Kwaiyo usidharau kituo cha afya kwa jina lake. Mjamzito ambaye hana shida yoyote kituo cha afya kizuri kinamtosha kabisa, na akienda kujazana hospitali ya rufaa anajinyima nafasi yeye na anamnyima mwenye shida.

Ila thieta kuwa na mlango sio sawa na thieta kufanya kazi usiku wa leo. Yule mmoja anayepasua akiwa likizo, au anayetoa usingizi amehamishwa, hicho kituo kwa wiki hiyo ni sawa na zahanati. Ndio maana nasema nenda mwenyewe ukaulize, tena usiulize "mnafanya oparesheni?" maana watakujibu ndio. Uliza "mwezi uliopita mmefanya ngapi, na usiku nani yupo?" Uliza damu inakaa hapohapo kwenye friji au inafuatwa kwingine. Uliza umeme ukikatika thieta inawashwa na nini. Nesi mkweli hatakasirika, mi nikiulizwa hivyo nafurahi maana najua huyu mama atafika mapema.

Na ile sindano ya oxytocin tunayochoma dakika moja baada ya mtoto kutoka ili mfuko ujikaze, inatakiwa ikae kwenye baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Sehemu ambayo friji ni ya kubahatisha sindano inaisha nguvu bila mtu kujua. Unachomwa na damu bado inatoka. Mama akitokwa damu nyingi anaweza kuondoka ndani ya masaa mawili, tena alikuwa anaongea na kucheka na ndugu.

Bibi wa Gungu

Mwanangu mwalimu, mimi ni mtu mzima, nimezaa saba, wanne nyumbani na watatu hospitali. Naandikiwa na mjukuu. Nataka kuongea juu ya huyo mama mkwe wako maana naona wote mmemruka.

Usimpige kwa vitabu. Sisi tulizalia nyumbani kwa sababu hakukuwa na pengine, tukazika, tukanyamaza, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Wale tuliowazika hatuwahesabu tunapowasimulia ninyi, tunawahesabu waliobaki. Mimi kwa mkono wangu nilimshika mdogo wangu akaishiwa damu Ujiji miaka hiyo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mkunga wa jadi alikuwa hodari mno hakuwa mchezo. Mwite mama mkwe wako ukae nae mkeka mmoja, umuulize yeye amezika wangapi. Usimjibu kitu. Halafu umwombe akusindikize hospitali. Mwambie unamtaka yeye ndio akushike mkono, hutaki mwingine. Mama mkwe anaogopa kuwekwa pembeni, mwanangu. Ukimpa kazi, dawa zake ataziacha nyumbani.

Mkunga wa zamu ya usiku

Bibi shikamoo. Umesema kitu ambacho sisi semina zote hatukifundishwi. Na hilo la kusindikizwa lina nguvu ya kitaalamu pia, mama akiwa na mtu wake leba anaogopa kidogo, anaongea, na ndugu anaona mabadiliko haraka. Siku hizi vituo vingi vinaruhusu mwenza wa kujifungua, vingine bado kwa sababu wodi ni moja na hakuna mapazia, kwaiyo hilo nalo liulize.

Kwa mjukuu aliyeandika, msomee bibi hii. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake wanaozalia kwenye vituo ni 63 katika 100, wa 2022 ukakuta 81. Na vifo vya uzazi kwenye hizohizo tafiti vilishuka kutoka 556 mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Sio kwa kuzalia hospitali peke yake, ni mambo mengi, ila wale aliowazika bibi wangezaa leo wengi wangebaki.

Dada wa Katubuka

Jamani mnaongelea thieta na damu, hela je? Tunaambiwa kujifungua ni bure hospitali za serikali, ukifika unaulizwa glavu, pamba, uzi, mpira wa kulalia, beseni. Mimi nilipata usumbufu sehemu fulani nikiwa tayari na uchungu, mume wangu anakimbizwa duka la dawa usiku. Hospitali ya kulipia walau unajua bei mapema.

Baba Mapacha

Dada sera ni kweli inasema huduma za mjamzito ni bure serikalini, na vitu vinapungua pia ni kweli. Ushauri wangu usibishane siku ya uchungu, vitu vyako viwe kwenye begi kuanzia wiki ya 34. Glavu jozi kadhaa, pamba kubwa, vile vya kubana kitovu viwili, nyembe mpya, mpira, khanga nne au tano safi, nguo za mtoto na kofia maana usiku wa huku kwenye upepo wa ziwa mtoto anapoa haraka, beseni, sabuni. Na hela kidogo ya dharura kwenye simu ya anayekusindikiza, sio kwenye simu yako wewe uliyeko leba.

Mwalimu wewe ni mtumishi wa umma, una bima ya NHIF. Hospitali yoyote ya kulipia unayoifikiria, kawaulize kama wanaipokea na kama inabeba oparesheni na kulazwa kwa mtoto akizaliwa njiti, sio kujifungua tu. Watu wanapiga hesabu ya kuzaa salama, hesabu ya shida hawapigi.

Mkazi wa Kasulu

Na likizo mwalimu! Ya uzazi ni siku 84, mapacha 100, na sheria inakuruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, hata mapema zaidi daktari akiandika. Wiki nne kabla ndio wiki ya 36. Yaani sheria yenyewe imekupa muda wa kuhamia mjini. Ila toa taarifa kwa mkuu wako wa shule mapema, inatakiwa miezi mitatu kabla, kama hujatoa andika kesho.

Mwalimu wa Mwambao

Narudi baada ya wiki tatu, niko wiki ya 33. Nimeona kuna watu wananiulizia inbox, nawajibu wote hapa.

Barua ya likizo niliandika siku ileile. Nilivuka na boti ya mizigo mchana ziwa limetulia, nikafikia kwa dada Mwanga. Nilizunguka siku nne. Sehemu moja ya kulipia, sitaitaja, pazuri kweli, vigae, chumba na feni, nikauliza maswali ya mkunga mmoja mmoja. Dada wa mapokezi alinijibu vizuri tu bila kuficha, kwamba daktari wa upasuaji usiku anapigiwa simu aje kutoka kwake, na damu wanafuata hospitali nyingine. Nilimshukuru kwa ukweli wake. Nilitoka pale nikakaa kwenye bajaji nikamwambia dada yangu, hiki chumba kizuri mimi sikihitaji, nahitaji friji ya damu. Dada alinyamaza muda mrefu halafu akasema sawa.

Ultrasaundi nimepiga, kondo lipo juu huku nyuma, mbali na mshono, mtoto kichwa chini. Wekundu wa damu ni 10.2, nimeambiwa iko chini kidogo inatakiwa 11 kwenda juu, nimeongezewa vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, na kuambiwa nisinywe pamoja na chai, nile dagaa, maharage, matembele. Dagaa na mie tena, hilo halina shida. Grupu langu ni O. SP ya malaria nimeshameza dozi nne, na nalala kwenye neti.

Nimejiandikisha Maweni. Daktari alinisikiliza, akaandika kwenye kadi nijifungulie hospitali ya rufaa, nijaribu kawaida uchungu ukianza wenyewe, ikifika wiki ya 41 haujaanza nirudi tuongee tena, na nisichomwe wala kupewa kitu cha kuanzisha uchungu sehemu nyingine yoyote. Nilimuuliza kuhusu usiku. Akaniambia nani yupo na damu inatoka wapi. Foleni ilikuwa ndefu, nilikaa toka saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, mgongo uliniuma sana, nasema hili ili mwenye kwenda aende na chakula na maji.

Mama yangu wa Kasulu nimempigia, amelia kidogo halafu akasema yeye ndio atakuja Mwanga, nikishatoka hospitali siku arobaini atakaa na mimi.

Mama mkwe sasa. Bibi wa Gungu, nilifanya kama ulivyosema. Nilitandika mkeka nyuma ya nyumba jioni, nikamuuliza. Alikaa kimya mpaka nikadhani amekasirika. Akasema watatu. Mume wangu ana miaka 34 na hakuwahi kujua kwamba mbele yake kulikuwa na watatu. Aliwataja kwa majina bibi, wote watatu walikuwa na majina. Hatukuongea tena kuhusu dawa. Asubuhi akaniuliza, huko mjini nalala wapi mimi?

Bibi wa Gungu

Mwanangu. Mlete kwangu, nyumba yangu iko karibu, tuna mkeka.

Binti Ujiji

Nimesoma hapa kwenye daladala machozi yananitoka watu wananiangalia. Mwalimu na kule leba wanaongeaje?

Mwalimu wa Mwambao

Binti Ujiji nilifanya ulichosema, nilikaa benchi. Kuna wa kila aina sitadanganya. Ila nilimwona nesi mmoja mtu mzima anamshika bega binti mdogo aliyekuwa anatetemeka, anamwambia pumua na mimi, pumua na mimi. Nikamfuata baadae nikamwomba aniambie, siku yangu nikihisi kitu hakiko sawa niseme neno gani ili mtu anisikie haraka. Akaniambia sema "nina mshono na unauma hata uchungu ukiwa umeachia". Akaniambia hiyo sentensi niirudie mpaka mama mkwe nae aijue, maana mimi naweza nisiweze kuongea. Tumeirudia. Anaijua kuliko mimi.

Mkunga wa zamu ya usiku

Huyo nesi namwombea maisha marefu. Ongezeni na hizi, damu mbichi kutoka kabla ya mtoto, mtoto kuacha kucheza, kichwa kuuma sana na macho kuona giza au nyota, uso kuvimba, chupa kupasuka na maji ya kijani. Yoyote kati ya hizo usisubiri uchungu, nenda. Na ukishazaa usikubali kuruhusiwa kabla ya masaa 24, shida nyingi zinakuja siku ile ya kwanza.

Dada wa Katubuka

Mwalimu na wenzako wa huko kijijini ambao hawana dada Mwanga wala likizo ya siku 84 wanafanyaje? Maana wewe umepata njia.

Mwalimu wa Mwambao

Dada hilo ndio linalonikaba. Niliongea na nesi wetu wa zahanati kabla sijaondoka. Alinifungulia daftari lake, wajawazito aliowaandika ni 23, mwenye mshono mimi na mwingine mmoja, wanne ni mimba ya sita kwenda juu, mmoja ana miaka 16. Hao sita wengine akasema anataka wote wasogee kwenye nyumba ya mama ngojea, zile za hospitalini ambazo mjamzito anakaa anasubiri siku zake, ila kinachowakwamisha ni chakula na nani atabaki na watoto. Huyu wa miaka 16 ndio ananitoa machozi, alikuwa mwanafunzi wa shule yetu.

Nimemwomba dada, amekubali yule binti aje tulale nae chumba kimoja, amebakiza wiki sita. Mama mkwe amesema atatushika wote wawili.

Na jingine. Mume wangu alikuwa ameweka dumu la petroli lita 20 kwa ajili yangu, tangu mimba ina miezi minne, amelifungia ndani kwa kufuli hata siku ya kukosa mafuta ya kwenda ziwani hakuligusa. Jana amenipigia akaniuliza alifanyie nini sasa kwa kuwa mimi nimeshavuka. Nikamwambia alipeleke zahanati, nesi aliweke chini ya meza yake, asiruhusu mtu alitumie kwa dagaa. Amelipeleka. Nesi ameandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, LA WAZAZI.